Muuza Chambo Asiyekula Samaki

Naanza na mikono yake kwa sababu uso wake sikuutazama vya kutosha. Ilikuwa mikono mikubwa kuliko mwili uliokuwa ukiibeba, kucha zimekatwa mpaka nyamani, vidole vyeupe kwa majivu. Majivu yenyewe aliyafunga kwenye mfuko wa plastiki kiunoni na kuyapaka kabla ya kugusa udongo, ili mnyoo usimteleze. Watu wa ufukweni mwa ziwa hapa Gisenyi walimwita Mama Minyoo. Mimi nilimwita mukecuru, yaani bibi mzee, kama adabu ya Kinyarwanda inavyotaka. Moyoni nilimwita muuza chambo, na kwa muda mrefu nilimwita pia mwizi, jambo ambalo nitalieleza.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, wakati milio ya bunduki ilipokuwa ikitufikia kutoka upande wa Kanzenze, na boti zilizuiwa kutoka usiku kuvua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi waliobaki bila kazi walikaa juu ya mawe mchana kutwa na ndoano zao, wakingoja tilapia au kambale. Mtu mwenye ndoano anahitaji chambo. Kwa hiyo, wakati biashara nyingine zote za ziwani zilipokufa, ya bibi huyu ilishamiri. Sidhani kama ilimfurahisha. Sikuwahi kumwona akifurahi, ingawa alichekesha watu kila siku.

Mimi na Mama tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, nikiwa na shahada ya jiografia na bila Kifaransa, na katika mji ambao kila ofisi iliuliza kwanza Kifaransa, shahada yangu ilikaa sandukuni. Chini yake, katika sanduku hilohilo, Mama aliweka shuka jeupe. Kila baada ya majuma mawili alilitoa, akalifua ingawa halijatumika, akalikunja tena. Lilikuwa la kumzikia kaka yake. Mjomba alikuwa fundi cherehani, alibaki katika nyumba hii ya babu sisi tulipokuwa nje, na katika mwaka ule wa mauaji aliuawa. Hilo tuliambiwa na wote. Mahali alipolala hatukuambiwa na yeyote. Huyu alisema ziwani, yule alisema barabara ya Nyundo, wa tatu alisema hajui kisha akakumbuka ana safari. Mama aliniambia mara moja tu, "Nikishamzika ndugu yangu nitalala." Na kweli alikuwa halali. Nilimsikia akitembea.

Basi, mikono. Wachimba chambo wengine walitumia jembe. Yeye alikuwa na kijiti kifupi cha mti mgumu, urefu wa kiganja na nusu, ncha yake imelainika kwa kazi. Alipiga magoti chini ya mgomba uliooza, akalifunua gogo polepole, akachokora udongo kwa kijiti, halafu akaingiza vidole. Nilimuuliza kwa nini asitumie jembe, angemaliza kwa robo ya muda. Akasema jembe linakata mnyoo, na mnyoo uliokatwa unakufa kabla ya kufika majini. Ilikuwa sababu nzuri. Niliiridhia. Mimi ambaye huwa nageuza kila jibu mara saba, hilo moja sikuligeuza.

Kaa aliwatafuta asubuhi kwenye kina kifupi, chini ya mawe meusi ya volkano. Aliinua jiwe kwa mkono mmoja, akanasa kaa kwa mwingine, kisha akalirudisha jiwe pale pale, upande ule ule uliokuwa juu ukibaki juu. Wengine waliyapindua na kuyaacha. Aliwatukana. "Unavunja nyumba, halafu kesho unakuja kuuliza mutu iko wapi!" Kwa kambale alikuwa na utumbo wa kuku uliolala siku moja juani, ambao ulinuka kiasi kwamba hata wavuvi walimwomba akae upande wa chini wa upepo. Minyoo aliiweka katika kopo la maziwa ya unga, juu ya udongo wenye unyevu na jani la mgomba. Kabla ya kuuza aliuweka mnyoo mmoja katika kiganja cha mteja. Ukitambaa kuelekea kifundo cha mkono, ni mzuri. Ukijikunja, alikubadilishia.

Nusu ya kopo, lakini, ilikuwa udongo mtupu. Kila mtu alijua.

"Mama Minyoo, leo unatuuzia shamba?" mvuvi mmoja alimwambia, akimwaga kopo juu ya jiwe.

"Munyoo atalala wapi, kwa kitanda?"

"Na hii yenyewe imelala. Haitikisiki."

"We uliamusha bibi yako leo? Bon. Anza na huyo."

Wakacheka mpaka yule mvuvi naye akacheka, akalipa, akaondoka na udongo wake. Mimi nilisimama pembeni na kopo langu, kwa maana nami nilikuwa nimeanza kuvua, si kwa kupenda bali kwa kukosa la kufanya, na pia kwa sababu mtu akishika ndoano hakuna anayemuuliza kama amepata kazi. Nilimsalimia kila siku kwa shikamoo. Kila siku alinijibu vilevile: "We Mutanzania na mashikamoo yako. Miguu iko na matope, utashika nini?"

Samaki hakula. Niligundua siku niliyopata tilapia wawili wakubwa, tukawachoma hapo hapo kwenye mawe, nami nikamkatia kipande kizuri cha mgongoni. Alikitazama kana kwamba nimempa kiatu.

"Hapana, mwanangu. Mi sikule samaki."

"Mukecuru, wewe ndiwe unayewalisha."

"Donc ndiyo sababu," akasema. "Mi najua munyoo anakula nini."

Wavuvi waliacha kutafuna kwa muda. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Yebaba we, huyu mama," kisha akaendelea kula, kwa kuwa njaa ni njaa. Wengi hapa walikuwa wameacha samaki wa ziwa baada ya mwaka ule, kwa sababu ya yale yaliyoonekana majini. Kidogo kidogo walirudi. Yeye hakurudi. Lakini aliendelea kuuza chambo kila siku, na nilipomuuliza kama haoni kwamba mambo hayo mawili yanapingana, aliniambia nimuulize mtu aliyekula leo.

Niligundua pia kwamba hakuuza kila alichochimba. Mara mbili nilimwona, katika uwanja wa nyumba isiyo na milango, akichokora udongo, akitoa minyoo minene kama kidole, halafu akasimamisha mkono. Akakaa hivyo, mkono ndani ya ardhi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akairudisha minyoo yote, akafukia, akapiga udongo kwa kiganja mara tatu, akaondoka bila chochote. Niliwaza kwamba labda ile minyoo ina ugonjwa. Niliwaza kwamba labda anaiacha ikue, kwamba ana ratiba ya mavuno ambayo hataki kuitangaza. Nilikuwa na jiografia yote kichwani, aina za udongo, mteremko, unyevu, na nikaandika maelezo kwenye daftari. Maelezo hayo ninayo bado. Yananitia aibu.

Alikuwa na mwana mmoja, mtu mzima, na huyo alikuwa gerezani kwa mambo ya mwaka ule, bado hajahukumiwa. Mara moja kwa juma aliacha kuchimba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka majivu yakatoka, akabeba kikapu cha maharage na viazi, akaenda kupanga foleni na wanawake wengine wenye vikapu. Siku hizo hakutania. Siku moja nilijipa moyo, nikamuuliza kama mwanawe alifanya wanayosema.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nitamuuliza, halafu atanijibu," alisema. "Unaona shida?"

Niliiona. Nilipomsimulia Mama, alisema, "Usinunue tena chambo kwa huyo." Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Lakini mwana ni mwana," na hakulirudia katazo lake. Mama naye alikuwa na mambo mawili yanayopingana.

Sasa lile la mwizi. Kwanza nirudi siku ya mwanzo kabisa tulipokutana, ambayo haikuwa ufukweni. Tulikuwa na juma moja katika nyumba ya babu, madirisha bado hayana vioo, tulipobishiwa lango. Nilifungua nikamkuta mwanamke mzee mwenye vidole vyeupe. Nilikuwa na hofu na kila mtu. Nyumba nyingi wakati ule zilikuwa na watu wawili wanaosema ni zao, na sisi karatasi hatukuwa nazo, tulikuwa na kumbukumbu za Mama tu. Kwa hiyo nilimuuliza anatoka wapi, nani amemtuma, anaifahamu vipi nyumba hii, anataka nini. Alinitazama, akatazama nyuma yangu uani, akasema anataka minyoo. Nikamwambia hapa hapauzwi minyoo. Akaenda. Hata hivyo alirudi, akamwomba Mama, na Mama akamruhusu kuchimba chini ya migomba yetu.

Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, palikuwa na sehemu ambayo udongo wake ulikuwa mweusi na laini kuliko wote. Pale hakuchimba. Pale palikuwa na vijiti vitatu vya umuyenzi, ule mti wa uzio wenye maziwa yanayopofusha macho, ambao Waswahili wengine huuita mnyaa. Vilikuwa vimechomekwa kwa mstari, vinachipua. Mbuzi hawauli na watoto hawauchezei. Hapa kwetu umuyenzi ukipandwa kwa mstari una maana moja: mpaka. Niliviona nikadhani ni vya zamani. Lakini wakati wa kiangazi kijiti kimoja kilikauka, na asubuhi moja nikiwa dirishani nilimwona muuza chambo akiking'oa, akichomeka kipya mahali pake na kukimwagia maji kutoka kopo lake.

Usiku ule sikulala, tukawa wawili. Niliunganisha kila kitu. Kwa nini alikuja wiki ya kwanza? Kwa nini anazijua nyumba zote tupu? Kwa nini uwanja wetu una sehemu asiyoichimba, kana kwamba anaitunza? Anapanda mpaka, miaka ikipita ataleta mashahidi kwamba miyenzi ilikuwepo, na nusu ya uwanja itakuwa ya mwanawe akitoka gerezani. Kila kipande kiliingia mahali pake. Tangu siku ile naogopa fikra zangu zinapopangika vizuri hivyo.

Asubuhi niling'oa vijiti vyote vitatu nikavitupa nje ya ua, karibu na shimo la takataka. Kisha nikaenda kwa kiongozi wa mtaa, nikamshitaki. Mama wa mfungwa, anapanda mipaka katika kiwanja cha wafiwa: hakuhitaji kusikia zaidi. Walimchukua ufukweni mbele ya wavuvi. Walimweka kasho, yaani mahabusu ya mtaa, siku nne. Nilisikia kwamba waliposema neno mpaka alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga, na hakuufungua tena mpaka walipomwachia.

Na kwa kuwa sehemu ile sasa ilikuwa wazi na tulikuwa tunapikia barazani, nikaona tujenge jiko. Nilichora ramani. Nilipima upepo wa ziwani wa asubuhi na wa jioni ili moshi usiingie vyumbani, nikachagua mahali hasa, pale pale kwenye udongo laini. Nguzo ziliingia bila taabu. Mama alisifu. "Angalau shahada imejenga jiko," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu katika nyumba ile.

Muuza chambo alirudi kazini. Aliniuzia kama kawaida, ila sasa kopo langu lilikuwa minyoo tupu, bila udongo, na shikamoo yangu aliijibu kwa kutikisa kichwa. Hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Nilitunga namna sita za kumwomba radhi na zote zilianza na neno "lakini", kwa sababu bado niliamini kwamba nilikuwa na haki.

Kisha risasi zikapungua. Boti ziliruhusiwa tena, taa zao zikarudi ziwani, sambaza zikajaa sokoni, na waliokuwa wakikaa kwenye mawe wakarudi katika kazi zao. Hakuna aliyehitaji mnyoo. Sikumwona kwa miezi mingi.

Nilimkuta asubuhi moja njiani, nikielekea Grande Barrière, lango la mpakani. Nilikuwa navuka kwenda Goma kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza, nimevaa viatu vya Mama. Alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya maji, bila kopo, bila mfuko wa majivu. Mikono yake ilikuwa safi, na sikuitambua. Yeye ndiye aliyeniita.

"We Mutanzania."

"Shikamoo, mukecuru."

"Ile miyenzi yangu tatu. Uliitupa wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba niliitupa kwenye takataka, na kwamba ilishika mizizi huko huko, sasa ni mirefu kunipita. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetazamia hivyo.

"Kijana yangu amekufa," alisema. "Kule ndani. Tumbo. Wiki tatu sasa."

Nilisema maneno ambayo husemwa. Aliyangoja yaishe.

"Bon. Sasa hakuna mutu banaweza kuongezea muzigo," akasema. Alishika pindo la kitenge chake, palipokuwa na fundo, akalifungua kwa meno. Ndani yake palikuwa na kikofia kidogo cha chuma, kile ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni wasijidunge sindano. Kilikuwa na kutu upande mmoja. Alikiweka katika kiganja changu, kama alivyokuwa akiweka mnyoo.

"Alikuwa nayo kwa kidole," alisema. "Nyumba yenu ilikuwa bure, haina mutu, nilienda kutafuta minyoo. Na jembe. Siku ile nilikuwa na jembe." Aliigeuza mikono yake. "Nikapiga mukono wake na jembe, unasikia? Mutu amekufa tayari, na mi namukata tena. Nikafukia. Nikaweka miyenzi, ili mutu asijenge, asilime. Jembe nikauza."

Nilikifumba kiganja juu ya kile kikofia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilikuja! Siku ya kwanza. Nilikuja na hii kwa kitenge. We ukafungua mulango, ukaniuliza kama polisi: nani amekutuma, unajuaje. Unajuaje!" Alicheka kwa pua. "Mwenye kuonyesha mifupa, banamuuliza nani aliiweka. Na mi niko na kijana gerezani. Nikasema nataka minyoo."

"Mama alikuruhusu kuchimba. Ungemwambia yeye."

"Nilikuwa nangoja. Kila siku nasema kesho. Halafu we ukanipeleka kasho." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama bei. "Kwani pale mulifanya nini? Mulilima?"

Nilitafuta njia ya kulisema ambayo ingekuwa nusu tu ya jambo lenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akili yangu haikunipa hata moja.

"Tulijenga jiko."

Alifumba macho. Mikono yake safi ilikuwa juu ya magoti, na watu wenye mizigo wakatupita kuelekea mpakani.

"Mama yako anapika pale?"

"Kila siku."

Alitia mkono kifuani, akatoa kile kijiti. "Jembe hapana," alisema. "Ata ukisikia haraka. Uende na vidole. Anaanguka kwa upande wa migomba, kichwa iko kule, si mbali, kama hivi," na akaonyesha kwa mkono kina kisichofika kiwiko. "Ukigusa, utajua. Usiogope. Mukono unajua."

Nilimwomba twende pamoja. Akasema hapana, pale si mahali pa mama wa kijana yule, na kwamba Mama asije akalazimika kumshukuru. Nilipiga goti, nikashika miguu yake. Ilikuwa na matope. Hakutania. Sikumwona tena. Walisema alikwenda kwa binti yake upande wa Nyundo, na nilipofika huko kumuuliza, kila mtu alijua mwanamke mzee mmoja, lakini si yeye.

Kazi ya Goma sikuifuata. Nilirudi nyumbani na viatu mkononi. Njia nzima nilipanga hotuba. Ningeanza na bibi, au na miyenzi, au na ramani yangu ya upepo. Ningemkalisha kwanza. Ningemwita jirani awepo. Nilipofika mlango wa jiko, Mama alikuwa ameinama mekoni, sufuria ya maharage inachemka, nyayo zake peku kwenye sakafu ile ya udongo aliyokuwa akiifagia kila asubuhi.

"Umerudi? Wamekufungia mpaka?"

Nilikwenda upande wa jiko unaoelekea migomba, nikapiga magoti karibu na nguzo, nikachota majivu mekoni nikayapaka vidoleni. Kikofia cha chuma nilikiweka sakafuni mbele yake. Kisha nikaanza kuchokora kwa kijiti.

Mama alikitazama. Alikitazama tu, hakukiokota. Aliipua sufuria, akamwaga maji juu ya moto, akatoka, nikasikia kifuniko cha sanduku ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na shuka jeupe kifuani. Alipiga magoti upande wangu wa pili, akapandisha mikono ya gauni, akachota majivu kama nilivyochota.

"Nianzie wapi?" akauliza.